Programu nayo ina tarehe ya mwisho: tuielewe mbele ya kurudisha saa ya mashini

Ilikuwa siku ya kugawanya mbolea. Walimaji walianza kufika ku depo tangu saa kumi na mbili ya asubui, wengine na kinga, wengine kwa miguu. Sekretere alifungua ordinatere, akabonyeza ile programu ya kuhesabu mifuko na madeni, na ku ekra kukatokea maneno haya: «Programu hii imemaliza wakati wake.» Kisha ikajifunga. Akajaribu mara ya pili, mara ya tatu. Ni vile vile.

Walinipigia simu: «Agronome, mashini imekufa! Batu bako hapa banangoya. Tufanye namna gani?»

Mashini haikukufa. Ile programu ni mimi niliitengeneza, na tarehe ya mwisho ni mimi niliiweka ndani. Niliiweka kwa sababu nzuri, lakini sikuwaeleza memba. Hilo ni kosa langu, na ndio maana ninaandika makala hii.

Mbele nifike, kijana mumoja mwenye akili alipata dawa: alirudisha tarehe ya ordinatere mwaka mumoja nyuma. Programu ikafunguka, watu wakapigia mikono, mbolea ikagawanywa yote. Magumu yalionekana majuma mawili kisha. Mifuko yote ya siku ile iliandikwa mu sizoni ya mwaka uliopita, tena kwa bei ya mwaka uliopita. Mama mumoja, mwenye alikuwa amemaliza kulipa deni lake lote, alikutwa tena mu liste ya wenye madeni, kwa sizoni aliyokwisha kuifunga. Alisimama mu mukutano na karatasi yake ya malipo mukononi, akauliza: «Mimi nililipa. Sasa mwizi ni nani, ni mimi ao ni mashini?»

Koperative inakufa kwa maulizo ya namna hiyo yakikosa jibu. Kwa hiyo tuanze ku musingi.

PROGRAMU YETU NI KITU GANI?

Skripti ni karatasi ya maagizo. Maagizo yake ni mepesi: chukua hesabu ya mifuko, zidisha na bei, ondoa kile memba alilipa, andika deni linalobakia. Mashini haisikii Kiswahili wala Kifaransa, kwa hiyo tunayaandika mu luga inayoitwa Python, ambayo mutu mumoja wa Uholanzi, Guido van Rossum, aliitoa mara ya kwanza mu mwaka wa 1991. Leo watu wa dunia nzima wanaitumikisha, hata sisi wa kilimo.

Lakini karatasi ya maagizo peke yake haitembei. Inaomba mwenye kuisoma, ni kusema programu ingine inayobadilisha kila agizo kuwa kazi. Ordinatere nyingi za koperative hazina huyo musomaji, na kumuvuta ku intaneti kutoka Pweto kunakula megabaiti nyingi na feza. Ndio maana tunafunga mufuko: chombo kama PyInstaller kinakusanya karatasi ya maagizo, musomaji wake, na vyote wanavyohitaji, kinaviweka mu faili moja. Unabonyeza, inatembea. Ni sawa vile mutu asikuletee tu maneno ya namna ya kupika bukari, lakini akuletee unga, maji, sufuria, makala na mupishi mu kitunga kimoja.

Mufuko huo una faida kubwa: unaingia mu kle ya USB, unasafiri kutoka Pweto mpaka Kilwa ao Dubie, unatembea ku mashini yoyote ya namna ile bila intaneti. Lakini una uzito wake pia. Kwanza, umefungwa: sekretere hawezi kufungua na kusahihisha bei iliyo ndani. Pili, unazaa watoto. Mutu anakopi mu kle yake, anapelekea ndugu yake wa koperative ingine, huyo naye anakopi. Mimi nikisahihisha kosa leo na kuleta programu mupya, zile za zamani zinabakia ku mashini ambazo hata sizijui, na zinaendelea kuhesabu.

JUU YA NINI TUNAWEKA TAREHE

Programu yenyewe haiozi. Kinachooza ni namba zenye ziko ndani.

Tuilinganishe na mbegu. Mbegu ya mahindi iliyowekwa mu joto na unyevu inapoteza nguvu yake kidogo kidogo. Ndio maana mufuko wa mbegu iliyokaguliwa na SENASEM una etikete, na ndio maana tunawafundisha kila mwaka kujaribu mbegu 100 mu muchanga mubichi na kuhesabu zile zilizoota kisha siku saba. Mbegu iliyokufa inajionyesha: haioti. Programu ya zamani haijionyeshe. Inakupa jibu haraka, mu maandishi mazuri, na mutu anaamini kwa sababu «mashini imesema». Kwa programu, hakuna jaribio la mbegu 100. Kuna tarehe tu.

Angalieni vitu gani vinazeeka ndani yake:

Bei. Tuseme, kwa mufano tu, mufuko wa NPK ulikuwa dola 45 siku programu iliandikwa, na leo koperative inaununua dola 52. Memba ni 40, kila mumoja anachukua mifuko miwili. Mifuko 80 mara dola 7: ni dola 560 zinazopotea mu asubui moja, na hakuna mutu aliyeiba. Sizoni inayofuata, kasha haina feza ya kununua mifuko kumi.

Kubadilisha feza. Wengi wetu tunanunua kwa dola na kuuzisha kwa franga. Kama kipimo cha kubadilisha kimefungwa ndani ya programu, kila hesabu ya franga inakuwa uongo tangu siku soko inageuka.

Uzito. Programu inasema «mifuko miwili kwa hektari» na mwandishi alifikiri mufuko wa kilo 50. Muuzishaji akileta mifuko ya kilo 25, shamba linapata nusu ya chakula chake, na mulimaji atasema mbolea ni mubaya.

Wadudu na dawa. Kiwavi jeshi, chenye wengine wanaita chenille légionnaire, kilitangazwa mu Afrika mara ya kwanza mu mwaka wa 2016, kisha kikaingia kwetu. Programu ya mashauri iliyoandikwa mbele ya mwaka ule haina hata neno moja juu yake. Utaonyesha dalili za mahindi yaliyotobolewa majani, nayo itakujibu kwamba ni mududu mwengine, na itakupa dawa ya mududu mwengine.

Kwa hiyo tarehe ya mwisho ni etikete. Inasema: namba zenye ziko humu nilizichunguza, ninazisimamia mpaka siku ile. Kisha siku ile, uliza tena.

TAREHE INAWEKWA NAMNA GANI?

Kazi yenyewe ni ndogo. Juu kabisa ya karatasi ya maagizo, mbele ya hesabu yoyote, tunaandika hivi:

1. Tarehe ya mwisho ni 2026-08-31.
2. Uliza mashini: leo ni tarehe gani?
3. Kama leo imepita tarehe ya mwisho, onyesha ujumbe na usihesabu bei.
4. Kama zinabakia siku 60 ao chini, onya, halafu endelea na kazi.
5. Kama sivyo, endelea na kazi.

Basi. Kisha tunafunga mufuko. Lakini ndani ya mistari hii mitano kuna mitego mitatu.

Mutego wa kwanza ni namna ya kuandika tarehe. Ukiandika 03/04, kwetu ni tarehe 3 ya mwezi wa 4. Kwa mashini iliyotayarishwa kwa Waamerika ni tarehe 4 ya mwezi wa 3. Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2026-04-03. Namna hiyo haina ubishi, na faili zikipangwa kwa majina zinajipanga zenyewe kwa tarehe.

Mutego wa pili ni siku ya mwisho yenyewe. Tarehe 31 programu inatembea ao haitembei? Mu maagizo yetu tunasema «imepita», kwa hiyo tarehe 31 inatembea siku nzima, na inakataa tarehe 1. Mutengenezaji mwengine anaweza kuandika kinyume. Inapaswa kuelezwa wazi, maana siku moja wakati wa kupanda ni siku kubwa.

Mutego wa tatu: kuhesabu tangu lini? Programu fulani zinahesabu siku tangu ulizifungua mara ya kwanza, tuseme siku 365. Kwa programu ya bei, hiyo ni mubaya. Koperative yenye itapokea kopi mwezi wa 7 na kuifungua mara ya kwanza mwezi wa 7 itaitumikisha mpaka mwezi wa 7 wa mwaka unaofuata, lakini bei zake ni za zamani zaidi kuliko anavyofikiri. Namba zinazeeka tangu siku ziliandikwa, hata kama mufuko haujafunguliwa. Kwa hiyo weka siku moja, ile ile kwa kopi zote.

SAA YA MASHINI, NDIO MWENYE KUTOA USHAHIDI

Programu haijui leo ni siku gani. Inauliza saa ya ordinatere. Kama saa inadanganya, programu nayo inadanganyika.

Ordinatere nyingi zina betri ndogo ya duara, sawa feza ya chuma, yenye inalinda saa wakati mashini imezimwa. Betri hiyo ikikufa, na ile kubwa ikiisha pia, mashini inasahau siku na kurudi ku tarehe ya zamani sana. Kwetu jambo hilo si la ajabu: depo inategemea pano ya jua, mawingu yanakaa siku nyingi wakati wa mvua, mashini inakaa bila moto juma nzima. Ukiifungua, inasema ni mwaka wa zamani. Hapo programu iliyopita wakati itafunguka sawa mupya. Ao kinyume: mutu amekosea kuandika mwaka, saa imekimbia mbele, na programu nzuri inakataa.

Neno moja juu ya saa ya inchi yetu. Haut-Katanga tunatembea na saa ya Lubumbashi, ile ile ya Zambia ngambo ya ziwa Moero. Kinshasa iko nyuma saa moja. Kama ordinatere ilitayarishwa Kinshasa, inaweza kuwa nyuma saa moja. Kwa tarehe ya mwisho hiyo si kitu, isipokuwa kwa mwenye kufanya kazi katikati ya usiku. Lakini isawazisheni tu, ili karatasi za malipo ziseme ukweli.

Namna ya kujikinga si nguvu. Programu inajua siku ilifungwa mu mufuko. Inaona pia tarehe ya mustari wa mwisho ulioandikwa mu buku ya madeni. Leo haiwezi kuwa nyuma ya siku hizo mbili. Kama mashini inasema leo ni nyuma, basi ni saa ndiyo inakosea, na programu inaandika: «Saa ya mashini si ya kweli. Isawazishe na simu, kisha anza tena.» Simu yenye kushika rezo mara nyingi inapata saa yake ku rezo, kwa hiyo inaweza kuwa shahidi.

Hata hapo tuwe waangalifu. Mara moja mutu akiandika mwaka wa 2062 kwa kosa na kuandika deni siku hiyo, programu itaona kila siku ya kweli kuwa «nyuma» na itakataa miaka yote. Kwa hiyo isifunge mulango kabisa. Iulize, watu wawili wa komite wakubali pamoja, na jambo hilo liandikwe mu buku ya mashini.

KURUDISHA SAA: JUU YA NINI NI SUMU

Sasa mutaelewa kilichofanyika ku depo siku ile. Yule kijana hakufanya ubaya. Aliona watu wanangoya na alitaka kusaidia. Lakini saa ya mashini haiangaliwi na programu moja tu. Ni saa ya nyumba nzima. Ukiirudisha nyuma:

- Kila deni na kila malipo ya siku hiyo yanaingia mu mwaka mwengine. Ni vile yule mama alipata deni mu sizoni aliyoifunga.
- Bei zilizotumika ni zile za zamani, zenye tarehe ilikuwa inatuzuia kuzitumikisha.
- Faili mupya zinaonekana kuwa za zamani. Mutu akitaka kulinda kopi, anaweza kufuta iliyo ya kweli na kubakiza ile ya uongo.
- Intaneti nayo inakataa. Kurasa nyingi zinaonyesha hati zenye tarehe ya kuanza na ya mwisho. Mashini yenye saa ya uongo inaona hati hizo hazijaanza ao zimekwisha.

Etikete ya dawa ikisema imepita, hatuikwarui na kisu ili tuimwage ku shamba. Kurudisha saa ni kukwarua etikete.

KITU GANI KIFUNGWE, KITU GANI KISIFUNGWE HATA SIKU MOJA

Hapa ndipo kosa langu lilikuwa kubwa zaidi. Niliifanya programu yote ijifunge. Bei za zamani zilipaswa kufungwa, ndiyo. Lakini buku ya madeni je? Buku hiyo si yangu. Ni ya memba. Hata tarehe ikipita miaka kumi, memba ana haki ya kuona ameandikwa nini, na komite ina kazi ya kuonyesha. Sheria ya OHADA juu ya koperative, yenye inatumika kwetu tangu inchi yetu ilipoingia mu OHADA mu mwaka wa 2012, inaomba koperative ijue memba zake na ishike maandishi yake. Mashini haiwezi kuwa sababu ya kukosa.

Kwa hiyo, tangu siku ile, tunagawanya hivi:

Vinavyofungwa kisha tarehe: kuhesabu kwa bei, kubadilisha feza, kutoa kipimo cha mbolea na dawa.

Visivyofungwa kabisa: kusoma buku ya madeni, kuandika malipo yaliyofika, kuchapa ku karatasi, kukopi buku yote mu kle ya USB.

Pia tulitoa bei nje ya mufuko uliofungwa. Sasa ziko mu faili ndogo ya pembeni, yenye sekretere anaweza kuisoma, na faili hiyo ina tarehe yake. Bei zikibadilika, tunaleta faili hiyo tu. Ni ndogo, inapita hata kwa simu yenye rezo dhaifu. Mufuko mukubwa unabakia palepale. Ni sawa kubadilisha kibao cha bei ku mulango wa duka bila kubomoa duka.

Na tarehe yenyewe inachaguliwa kwa akili ya mulimaji. Ya kwanza niliweka ovyo ovyo, ikaanguka wakati wa kugawanya mbolea, watu wamepanga mustari. Sasa tunaweka mwisho wa mwezi wa 8. Wakati huo mahindi yamekwisha kuvunwa, barabara ni kavu, mutu anaweza kusafiri na kle ya USB, na mvua bado. Maonyo yanaanza siku 60 mbele, ni kusema mwanzo wa mwezi wa 7. Kama hakuna mutu aliyeshuguli tangu mwezi wa 7 mpaka mwezi wa 8, magumu si ya programu tena.

HATA WAKUBWA WANASAHAU

Tusifikiri ni sisi tu wa vijiji. Tarehe 6 ya mwezi wa 12, 2018, mamilioni ya watu wa Uingereza wenye simu za kampuni O2 walikosa intaneti siku nzima. Ericsson, kampuni iliyotoa mashini za rezo, ilieleza kwamba hati moja ndani ya programu zake ilikuwa imepita tarehe. Watu wa Japani pia walipatwa siku ile ile. Mashini zilikuwa nzima, waya zilikuwa nzima. Tarehe tu ilikuwa imefika, na hakuna mutu aliyeiangalia.

Mu mwezi wa 5, 2019, programu ya Firefox, yenye wengi wanaitumikisha kufungua intaneti, ilizima vyombo vya nyongeza vya watumiaji wake dunia nzima. Sababu ilikuwa moja: hati yenye kusimamia vyombo hivyo ilimaliza wakati wake, na haikubadilishwa mbele ya siku.

Fundisho ni jepesi. Tarehe ya mwisho bila mutu wa kuikumbuka ni shimo katikati ya njia. Kwa hiyo kila tarehe inapaswa kuwa na mwenyewe: jina la mutu wa komite, limeandikwa ku ukuta wa depo pamoja na siku.

ETIKETE SI KUFULI

Memba mumoja aliniuliza: «Kama tunaweka tarehe, hakuna mutu anaweza kutuibia programu?» Hapana. Tarehe haizuii mwizi. Mwenye kujua kazi anaweza kufungua mufuko na kuondoa mistari ile mitano, ao kudanganya saa sawa tulivyoona. Tarehe inamusaidia mutu mwema asikosee; haimuzuie mutu mubaya. Mwenye kuwauzishia programu na kusema «iko salama kabisa kwa sababu ina tarehe», mumujibu kwa adabu kwamba munajua.

Tena kuna ubaya mwengine. Mutengenezaji anaweza kutumikisha tarehe kama kamba ya shingo: siku inafika, madeni yenu yamefungwa ndani, naye anaomba feza mbele ya kufungua. Ndio maana ulizeni mbele ya kupokea programu yoyote, hata inayotoka kwetu, hata ya bure:

1. Ina tarehe ya mwisho? Ni siku gani kamili?
2. Siku hiyo ikifika, kitu gani kinajifunga? Tutaweza kusoma na kukopi buku yetu ya madeni?
3. Itatuonya siku ngapi mbele?
4. Nani analeta mupya, kwa bei gani, na kwa njia gani kama hakuna intaneti?
5. Bei na vipimo viko ndani ya mufuko uliofungwa ao mu faili ya pembeni?
6. Saa ya mashini ikikosea, programu itafanya nini?

Majibu yaandikwe ku karatasi, yawekwe pamoja na hati za koperative. Mutu asiyetaka kujibu ulizo la pili, musipokee programu yake.

NAMNA TULIVYOSAHIHISHA

Kwa ile koperative, tulikaa magaribi mawili. Bahati ilikuwa moja: siku ya kugawanya, kila memba alitia sahihi ku liste ya karatasi wakati wa kubeba mifuko yake. Tulisoma mustari kwa mustari, karatasi ku upande mumoja, mashini ku upande mwengine. Hatukufuta mistari ya uongo. Tuliandika mistari ya kusahihisha chini yake, na tarehe ya kweli na sababu, ili kila mutu aone kosa lilikuwa nini na lilisahihishwa namna gani. Tofauti ya bei ililetwa mbele ya mukutano mukubwa, na ni memba wenyewe walikata shauri namna ya kuilipa. Jina la yule mama lilisomwa mbele ya wote: hana deni.

Alisema tu: «Muzuri. Lakini ile karatasi yangu sitaitupa.»

Ana haki, na tungependa ninyi wote mufanye kama yeye. Mashini ni ya kutusaidia kuhesabu upesi. Siku inakataa, fungueni buku ya karatasi, gawanyeni mbolea na sahihi, andikeni bei ya leo, na mutuite. Mistari itaingizwa mu mashini kesho, na tarehe yake ya kweli. Saa, muiache ilivyo.

Na juma hili, mbele ya kazi ingine yoyote, ombeni sekretere afungue ordinatere ya koperative na aangalie vitu viwili: leo ni siku gani ku mashini, na programu yenu inamaliza wakati wake lini. Hiyo ni kazi ya dakika tano.